Anza na chungu

Taa yenyewe ilikuwa ya udongo, na kuna mtu aliyeinunua kwa drakma 3,000. Habari hiyo tunaipata kwa Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya pili ambaye wachache walisalimika na ulimi wake. Alikuwa akimsuta tajiri mmoja aliyejaza vitabu nyumbani bila kuvielewa, na katikati ya masuto akachomeka kisa cha mnunuzi wa taa, aliyeamini kwamba akisoma usiku kwa mwanga wake, hekima ya marehemu aliyekuwa akiitumia itamjia usingizini bila jasho.

Marehemu huyo alikuwa Epictetus, mtumwa aliyeachwa huru akawa mwalimu wa falsafa.

Tuisogelee bei kidogo. Drakma ya Kigiriki na dinari ya Kirumi zilihesabiwa karibu sawa, na anayeukumbuka mfano wa Yesu wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu anajua kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kibarua huyo angelima zaidi ya miaka minane, bila kupumzika wala kula, ndipo aifikie bei ya taa ile. Na taa za udongo zilikuwa kitu cha hovyo. Zilifinyangwa kwa kalibu, mamia kwa mamia, zikauzwa sokoni kwa senti: kibakuli kidogo kilichofunikwa, tundu la kumiminia mafuta ya zeituni, mdomo wa kupitishia utambi. Ikivunjika, unanunua nyingine. Ndiyo maana wachimbaji wa mambo ya kale wanaziokota kila mahali, kuanzia Uingereza hadi Syria.

Nilikutana na habari ya taa hii nikitafuta jambo lingine kabisa, na tangu hapo imekataa kunitoka kichwani. Sababu si bei. Mwenye taa alitumia maisha yake kuwaambia vijana kwamba walicho nacho chote ni cha kuazima, na mojawapo ya mifano aliyoipenda ilikuwa kisa cha taa yake mwenyewe.

Zamani alikuwa na taa ya chuma, akiiweka karibu na miungu ya nyumbani kwake. Siku moja akasikia kishindo dirishani. Akashuka mbio, akakuta taa haipo. Alipowasimulia wanafunzi, hakumlaani mwizi wala hakujigamba kwamba hakuumia. Aliwaambia alijisemea kuwa aliyeichukua alikuwa na sababu iliyomwingia akilini. Halafu akajipa agizo: kesho utatafuta ya udongo. Mtu, akawaambia, hupoteza kile tu alicho nacho.

Siku nyingine alikirudia kisa hicho kwa jicho jingine, na hapo ndipo ninapomwona akitabasamu. Mwizi, alisema, alinishinda kwa jambo moja: kukesha. Lakini tazameni alivyoilipia ile taa. Ili aipate, alikubali kuwa mwizi, akaacha uaminifu, akajishusha hadi unyama. Na akaona amefanya biashara nzuri.

Simplicius, mwanafalsafa aliyeandika ufafanuzi juu ya mafundisho haya karne nne baadaye, anasema nyumba ya Epictetus mjini Roma haikuhitaji komeo kwa sababu ndani hamkuwa na kitu ila godoro la nyasi na mkeka. Na taa ya chuma, bwana Simplicius? Wenye kuandika maisha ya wacha Mungu na wenye hekima wana tabia ya kuwanyang'anya hata vile vichache walivyokuwa navyo. Mimi namtaka Epictetus mwenye taa, aliyeshuka ngazi mbio. Aliyekimbia ni mtu aliyeipenda.

Historia yake ni fupi. Alizaliwa karibu mwaka 50 katika mji wa Hierapolis, ule Hierapoli unaotajwa katika Waraka kwa Wakolosai, ambao leo magofu yake yako Pamukkale, Uturuki. Alikuwa mali ya Epaphroditus, naye Epaphroditus alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na kupanda cheo katika ikulu ya Nero. Akiwa bado mtumwa aliruhusiwa kumsikiliza Musonius Rufus, mwalimu wa falsafa ya Kistoiko, wa kundi lile lile la Wastoiko waliobishana na Mtume Paulo kule Athene. Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa mwishoni mwa karne ya kwanza, Epictetus, ambaye sasa alikuwa huru na kilema wa mguu, alivuka bahari akafungua darasa Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki. Hakuandika hata mstari mmoja. Mwanafunzi wake Arrian, aliyekuja kuwa gavana na mwandishi wa historia ya Aleksanda Mkuu, ndiye aliyenukuu masomo yake, kwa matumizi yake mwenyewe kama alivyodai. Vitabu vinne vimetufikia, pamoja na kijitabu cha muhtasari.

Ndani ya kijitabu hicho, karibu na mwanzo kabisa, kuna zoezi. Linaanza na chungu.

Chungu cha kupikia. Ukikipenda, Epictetus anaagiza, jikumbushe kwamba unachokipenda ni chungu, ili siku kikivunjika usitaharuki. Mahali pengine anaupanga mlolongo mzima. Anza na vitu vidogo na vyepesi kuvunjika: chungu, kikombe. Kisha panda. Nguo unayoivaa. Mbwa wako. Farasi. Kipande cha shamba. Kutoka hapo geukia mwili wako na viungo vyake, watoto wako, mkeo, ndugu zako. Kila hatua ni ile ile: unakitazama ulicho nacho, unajiambia kweli kuhusu asili yake, unaulegeza mkono bila kukiachia.

Msomaji wa haraka anaweza kwenda naye vizuri tu mpaka kwenye farasi. Kikombe, sawa. Nguo, sawa. Hata shamba, ingawa ndugu wanaokatana mapanga kwa ajili ya mipaka watabisha. Lakini kijitabu hakipumziki kati ya chungu na mtoto. Sentensi inayofuata inakwambia kwamba unapombusu mwanao, ujikumbushe unambusu mtu atakayekufa. Na katika masomo marefu anaongeza jambo linaloganza meno: mnong'oneze moyoni, huku ukimbusu, kwamba kesho huenda hatakuwapo. Vivyo hivyo kwa rafiki: kesho utasafiri, au nitasafiri mimi, na hatutaonana tena.

Kwetu huo ni uchuro mtupu. Mama yuko na mwanawe mapajani, jirani anaanza habari za kifo: atakemewa papo hapo, usituchurie! Mmoja atasema ashindwe, mwingine atasema Mungu apishe mbali, na mgeni atajifunza adabu. Tunajua kuomboleza, hilo hakuna wa kutufundisha. Msiba ukitokea, mikeka inatandikwa, masufuria yanapanda mafigani, watu wanalala matanga. Ila kabla ya msiba ni kimya. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hapa Tanzania huandika na kutunza wosia wa mwananchi anayetaka, lakini bado zipo nyumba ambamo baba hathubutu kulitaja neno lenyewe, kwa sababu kuandika wosia kunahesabiwa kuwa ni kuliita jeneza. Matokeo yake tunayaona mahakamani, ndugu kwa ndugu.

Kumbe Wagiriki nao walikuwa na uchuro wao. Arrian amelihifadhi pingamizi kama lilivyotolewa darasani: hayo ni maneno ya kisirani, mwalimu. Epictetus hakumnyamazisha aliyesema. Alimjibu, nami naona alimjibu akiwa na hamasa. Basi na kuvuna ngano kuna kisirani, maana masuke yanaangamia. Kupukutika kwa majani kuna kisirani. Tini mbichi kukauka kuna kisirani, na zabibu kusinyaa juani. Yote hayo ni kitu kugeuka kutoka hali moja kwenda nyingine, na kusafiri ni mgeuko mdogo, na kufa ni mgeuko mkubwa. Yapo maneno ya kisirani kweli, akakubali: woga, unyonge wa moyo, kukosa haya. Lakini hata hayo lazima yatajwe, la sivyo utajilinda nayo vipi?

Aliwapa pia mfano wa tini kwa namna nyingine. Ulichopewa, umepewa kwa sasa. Tini ina msimu wake, na anayeitamani wakati wa baridi ni mpumbavu. Kumtamani mwana au rafiki wakati usiokuwa wake ni kuitamani tini wakati wa baridi.

Hapo ndipo moyo wangu unapogoma. Tini inarudi msimu ujao. Mtoto harudi. Epictetus alilijua hilo, bila shaka, na sijaona mahali alipolijibu.

Lakini kuna somo moja linalobadilisha sura ya zoezi zima, na naona ajabu kwamba wanaompigia debe siku hizi hawaliweki mbele. Siku moja alitembelewa na ofisa wa serikali. Katika mazungumzo akamuuliza kama ana mke na watoto. Anao. Na maisha ya familia yakoje? Ya taabu, akajibu yule bwana. Epictetus akashangaa: watu huoa na kuzaa ili wapate taabu? Ndipo ofisa akafunguka. Juzi binti yake mdogo aliugua, ikaonekana yuko hatarini. Yeye baba hakustahimili kukaa pembeni ya mgonjwa. Alitoka nyumbani akakimbia, akakaa mbali mpaka mtu alipomletea habari kwamba mtoto amepona.

Na unaona ulifanya sawa? Nilifanya lililo la asili, ofisa akajitetea. Baba wote, au karibu wote, huhisi hivyo.

Kilichofuata ni mahojiano ambayo mwanasheria yeyote angeyaonea wivu, na hayana ukali hata chembe. Je, mama yake anampenda binti huyu? Anampenda. Basi naye angekimbia? La. Yaya wake anampenda? Anampenda. Naye angemwacha? Hasha. Mtumishi anayempeleka shule? Naye vilevile. Kwa hiyo kama upendo ndio uliokukimbiza, ilifaa wote wanaompenda wakimbie, mtoto abaki mikononi mwa wasiomjali, pengine afie huko, kwa sababu ya wingi wa upendo wenu? Na wewe ukiugua, ungependa kupendwa na mkeo na wanao kwa upendo wa namna hiyo, wa kukuacha peke yako kitandani? Au ungewaombea adui zako ndio wakupende hivyo?

Soma hayo, kisha rudi kwenye chungu, uone kama bado kinaonekana vile vile. Yule ofisa hakukosa upendo. Alikosa mazoezi. Hakuwa amejiambia hata siku moja, binti akiwa mzima anacheza uani, kwamba huyu anaweza kuugua na kufa. Siku wazo hilo lilipomjia, lilimjia kwa mara ya kwanza, na miguu ikaamua kabla yake. Watu wengi wanaufundisha Ustoiko kama chanjo ya kutoumia. Mimi katika kisa hiki naona nia nyingine: mtu aizoee hofu yake mapema ili siku ikifika aweze kukaa. Kushika kitambaa chenye maji. Kukaa tu.

Wenzetu wauguzi wa wodi za watoto wanawajua baba wanaosimama korido wakishika simu isiyoita. Mama yuko ndani.

Mwalimu mwenyewe alisisitiza kwamba mazoezi yaanzie kwenye mambo ya kipuuzi. Unakwenda bafu la umma? Kabla hujatoka, jikumbushe yaliyomo: wanaorusha maji, wanaosukumana, wanaotukana, wanaoiba. Hapo nilicheka, kwa sababu hilo ni daladala la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mbagala. Anayepanda akijua kwamba atakanyagwa, kwamba konda atamjibu jeuri na kwamba mfuko wake unatazamwa, hufika kazini akiwa na sura ya binadamu. Anayepanda akitarajia heshima hufika amegombana na watu watatu. Mafuta yamemwagika kidogo nyumbani, mvinyo umedokolewa: jiambie hiyo ndiyo bei ya utulivu, na hakuna cha bure.

Na ukipotelewa, usiseme umepoteza. Sema umerudisha. Shamba limechukuliwa? Limerudishwa. Mtoto amefariki? Amerudishwa. Inakuhusu nini mkono ambao aliyekupa aliutumia kukichukua? Wakati kiko kwako, kitunze kama msafiri anavyoitunza nyumba ya wageni. Msomaji Mwislamu hahitaji kufasiriwa hapo, kwani istirjai, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, anaitamka katika kila msiba, na Mkristo atamkumbuka Ayubu. Tofauti ni ya saa. Sisi kauli hiyo tunaitoa baada. Epictetus aliitaka kabla, na katikati ya furaha, wakati busu liko shavuni.

Wakati ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kuwaza msiba saa nane za usiku, macho darini, hadi jogoo, si zoezi bali ni wasiwasi, na wenye wasiwasi wana wingi wa picha za maafa ila hawana utulivu hata kidogo. Wafuasi wa Epicurus, mwanafalsafa wa Kigiriki, walikuwa na neno hapa, na Cicero, mwandishi wa Kirumi, amelihifadhi: ni upumbavu kuteseka leo kwa ajili ya baya ambalo huenda lisije, na likija lina uchungu wake wa kutosha. Cicero aliyaandika hayo mwaka 45 kabla ya Kristo, mwaka aliofiwa na binti yake Tullia, akijaribu kila dawa ya falsafa kwenye donda lake. Kwa hiyo hakuwa akicheza na hoja.

Naona Waepikureo wana haki kwa nusu. Zoezi la Epictetus ni la pumzi moja. Linafanywa kitu kikiwa mkononi, na likiisha unarudi kwenye kitu chenyewe. Aliyefiwa juzi halihitaji. Aliye katika sonona, nadhani, asiliguse bila mtu wa kumsaidia.

Zoezi hili lina upande wa shukrani pia, nao una ushahidi kidogo wa kisasa. Mwaka 2008 Minkyung Koo, Sara Algoe, Timothy Wilson na Daniel Gilbert walichapisha majaribio ambamo baadhi ya watu walio kwenye uhusiano waliandika namna walivyokutana na wapenzi wao, na wengine waliandika namna ambavyo wangeweza wasikutane nao kabisa. Waliofikiria kutokukutana ndio walioridhika zaidi na uhusiano wao. La kuchekesha ni kwamba watu walipoulizwa watabiri, walidhani itakuwa kinyume. Hatupendi kuisogelea picha ya kukosa, hata pale inapotunufaisha.

Karne kumi na nane na ushei kabla ya majaribio hayo, mtu mmoja aliyekuwa na kila kitu alijiandikia ushauri huo huo. Marcus Aurelius, kaisari wa Roma, alijiagiza asiote vitu asivyokuwa navyo, bali katika vile alivyo navyo achague vilivyo bora, awaze jinsi ambavyo angevitamani kama visingekuwapo. Halafu akajitahadharisha asizoee kuvithamini kiasi cha kuvurugika vikiondoka. Epictetus alimfikia kupitia mwalimu wake Junius Rusticus, aliyemwazima nakala yake mwenyewe ya masomo yale. Mtumwa akawa mwalimu wa kaisari bila wawili hao kuonana.

Na katika daftari lake la siri Marcus alilinakili zoezi la busu.

Hapo ndipo inapobidi kujua aliyekuwa akinakili ni nani. Marcus na mkewe Faustina walipata watoto wasiopungua 13. Wengi walikufa wadogo. Kati ya wavulana, mmoja tu, Commodus, alimzika baba. Mwaka 169 mtoto wao Annius Verus, mwenye umri wa miaka saba, alipasuliwa uvimbe chini ya sikio, akafa. Baba yake alikuwa katika maandalizi ya kwenda vitani. Mwandishi wa maisha yake anasema aliomboleza siku tano tu, akawafariji waganga waliompasua, akarudi kwenye kazi za dola.

Aliwafariji waganga. Kuna watakaoona hapo moyo wa jiwe. Mimi naona baba aliyekuwa na nafasi ya kuona kwamba kuna mtu mwingine chumbani anayetetemeka, na daktari aliyeua mtoto wa kaisari alikuwa na kila sababu ya kutetemeka. Pengine hicho ndicho zoezi linachokupa, nafasi kidogo. Lakini siku tano? Na Faustina, aliyewazaa wote hao, aliomboleza siku ngapi? Hakuna aliyeona inafaa kuandika. Daftari tulilo nalo ni la baba.

Marcus huyu huyu, alipokuwa kijana, alilia alipofiwa na mlezi wake, na watumishi wa ikulu wakataka kumzuia. Antoninus Pius, baba yake wa kumlea na kaisari wa wakati huo, aliwaambia wamwache awe binadamu. Falsafa na madaraka havifuti hisia za mtu. Na Fronto, mwalimu wake wa ufasaha, alizika watoto watano, kila mmoja akiwa ndiye pekee aliyebaki wakati huo, hata hakuwahi kupata mtoto ila akiwa mfiwa. Fronto hakuificha hasira yake. Alimwandikia kaisari kilio chake, na urafiki wao haukuvunjika.

Lipo swali jingine ambalo sikuweza kuliweka kando. Ni rahisi kumsifu mtumwa kwa ustahimilivu. Kuna hadithi mashuhuri ya mguu wake: bwana wake alikuwa akiunyonga, naye akamwambia kwa upole kwamba utavunjika, na ulipovunjika, akasema, si nilikwambia? Hadithi hiyo imepokewa kupitia Origen, aliyekuwa akimjibu mpinzani wa Ukristo. Simplicius anasema tu kwamba alikuwa kilema tangu utotoni. Natamani Simplicius awe sahihi. Hadithi ya kwanza inawafaa mno wenye kunyonga miguu ya wengine. Fundisho la kulegeza mkono likitoka kwa mtu ambaye hakumiliki hata mwili wake lina uzito mmoja. Likitoka kwa mwajiri asiyelipa mishahara lina uzito mwingine, na siku hizi, vitabu vya Ustoiko vinapouzwa kwa wakurugenzi wa makampuni, ni vizuri kuuliza nani anamfundisha nani kuridhika.

Darasani Nicopolis, mwalimu aliyewaambia vijana namna ya kuwabusu watoto wao hakuwa na mtoto. Hilo halikuwapita watu. Lucian, yule yule wa taa, ana kisa kingine: Epictetus alimshauri mwanafalsafa Demonax, ambaye naye hakuwa na mke, aoe na kuzaa, kwani inampasa mwenye hekima kuacha mwingine mahali pake. Demonax akajibu: vizuri, basi nipe mmoja wa binti zako.

Utani huo ulichoma mahali penyewe. Kuna jambo usilolijua kuhusu shavu la mtoto mwenye homa mpaka uwe umeliweka lako juu yake.

Halafu, anasema Simplicius kwa maneno machache mno, uzeeni mambo yalibadilika. Rafiki mmoja wa Epictetus alikuwa karibu kumtupa mtoto wake kwa ufukara, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile, mtoto anaachwa nje aokotwe au afe. Mzee akamchukua. Na kwa kuwa hakuweza kumlea peke yake, akamleta mwanamke nyumbani amsaidie kumlea.

Jina la mtoto halikuandikwa, wala la mwanamke. Hatuambiwi kama mtoto alikua. Arrian, mwenye kalamu, yaelekea alikuwa ameondoka Nicopolis miaka mingi kabla, yuko katika utumishi wa serikali. Kwa hiyo yote tuliyo nayo kuhusu chungu, tini na busu yalisemwa na mwalimu ambaye bado hajaamshwa usiku na kilio cha mtoto. Ya mzee aliyeamshwa hakuna aliyeyanukuu. Je, alinong'ona kama alivyowafundisha wengine? Na yule mwanamke, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akimbeba mtoto, akimsikia mzee ananong'ona, alimwacha amalize, au alimwambia wazi, kama ambavyo angeambiwa Tanga au Lamu, asimchurie mtoto?